Mtani Aliyekuja Kulia

Mwalimu Twilumba anapitiwa na usingizi mara tu baada ya Makambako, kichwa kimeegemea kioo cha mlango, chupa ya chai ameibana kwa magoti, na sauti ya mwisho anayoisikia kutoka dunia hii ni ya Mwalimu Otilia akibadilisha gia na kuguna. Hawajasemezana tangu Mafinga. Marafiki wa miaka thelathini hawa, Twilumba Mhehe, Otilia Mngoni, watani wa jadi waliofundisha shule moja na kutukanana kila asubuhi badala ya kuamkiana, leo wamekaa kama abiria wasiojuana. Kisa ni msiba. Miaka miwili iliyopita Lotari, mume wa Otilia, alizikwa kwao, upande wa Songea, na Twilumba akaenda. Kazi yake kila mtu aliijua. Mtani haendi msibani kulia. Anakwenda kuvuruga, alale kaburini, amgombeze marehemu, adai kuku, mpaka mfiwa acheke atake asitake. Lakini Twilumba alipomwona mwenzake alivyokonda, huruma ikamzidi, akakaa mkekani akalia na wengine siku tatu nzima. Maskini, alidhani ndio upendo. Otilia wakati wa kumsindikiza alimwambia neno moja tu: Waliaji nilikuwa nao mia, mtani nilikuwa naye mmoja. Leo wanakwenda kusimika msalaba juu ya kaburi hilo, Twilumba ameomba kuja mwenyewe, na njia nzima anatafuta utani hata mmoja na hauoni.

Basi barabara inashuka, inapanda, inashuka tena, na anapofumbua macho, au labda hajafumbua, gari limo katika mji mdogo asioujua, mtaa mmoja tu, fundi cherehani barazani upande wa kulia, ndoo za viazi zimepangwa upande wa kushoto, na kimya. Mti umelazwa kukatiza njia, kama kwenye kizuizi cha mazao, na anayeulinda amevaa koti la mvua, na ndani ya kofia ya koti hamna uso, ni laini tupu kama yai. Twilumba haogopi, anamhurumia, maana akitoka jasho atalipangusa wapi? Mmebeba nini? anauliza asiye na uso. Hatuna hata gunia, anajibu Otilia. Sikuuliza gunia, anasema yule. Kitendawili. Tega, anasema Twilumba, ndiyo mazoea ya ualimu. Wote waliitwa waje na maji, mmoja akaitwa aje na moto, naye akaja na maji. Jibu Twilumba analijua, limemkaa kooni, lakini kinywa hakifunguki. Piteni, anasema mlinzi akiinua mti, mtarudi tu. Na kweli wanarudi, kwa sababu mji wa pili ndio ule ule wa kwanza ila umegeuzwa kama kwenye kioo, cherehani kushoto, viazi kulia, maandishi ya duka yanasomeka kinyumenyume, na cherehani sasa inashona peke yake, inashona kitambaa cheusi kisicho na mwisho kinachotoka barazani na kuwa barabara, nao wanaendesha juu yake. Otilia, anaita Twilumba, tunakwenda wapi? Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyetuweka hapa, anasema Otilia, na hageuki. Twilumba anaona aibu, aibu halisi, hata ndani ya ndoto inachoma.

Mji wa tatu ndio huo huo tena, lakini katikati ya mtaa pana kaburi wazi na watu mia wamekaa mikekani, wote hawana nyuso, wote wanalia bila macho, na mwenye uso ni Otilia peke yake, macho makavu, aliyekonda vile vile. Mlinzi wa koti amesimama ukingoni. Kitendawili, anasema. Nyamaza na wewe, anamkatiza Twilumba, na kumbe kinywa kimefunguka! Anavua viatu, anaingia kaburini na gauni lake jipya, anajinyoosha. Lotari, sogea huko, umejitandaza kama uko kwenye kiti chako! Babu zako walituonyesha visigino vitani, na wewe umetutoroka hata kahawa hujamaliza. Mimi humu sitoki. Sitoki, nasema, mpaka mniletee ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na yule mbwa wenu mnene, maana si mnasema Wahehe tunakula mbwa? Basi leteni, na chumvi!  Halafu huko juu anasikia kicheko kinaanza, kidogo, kama cha mtu anayekohoa, kinakua, kinapasuka, na ndani ya kicheko mna kilio, na udongo unamdondokea Twilumba usoni, wa joto, na ni mtu anamtikisa bega.

Gari limesimama. Otilia ameshika usukani, macho yamemlowa, anahema kama aliyepandisha kilima. Nimesema kitu usingizini? anauliza Twilumba. Otilia anajipangusa kwa ncha ya kitenge. Umenidai mbwa, anasema. Twilumba anatazama viganja vyake, vina udongo mwekundu, na miguu haina viatu, na nje kuna mtaa mmoja, cherehani barazani, ingawa upande gani ni kulia hawezi tena kusema. Anayekuja kuwafungulia mlango amevaa koti la mvua, kofia imemfunika. Otilia, tumeshafika, au bado nimelala? Otilia anacheka tena, kile kicheko chake cha zamani cha ofisi ya walimu, ambacho Twilumba amekikosa miaka miwili. Mbwa tunaye, Mhehe wewe, kafungwa nyuma ya jiko, anasema. Shuka.

Na Twilumba anashuka.