Timu ya Buibui

Pascasie, nahodha wa timu ya mpira ya wanawake wa Kigwena, alinunua jezi za mitumba katika soko la Rumonge. Zote zilikuwa na picha ya buibui na maandishi ya Kiingereza. Alimpelekea moja mwalimu Meshaki, aliyejifunza Kiingereza ukimbizini Tanzania, amweleze wanavaa jina la nani.

Meshaki alitafuta kwenye simu.

"Iko ekipe ya besiboli ya Cleveland, Amerika. Wanapiga kampira kadogo na fimbo, halafu wanakimbia. Ilikufa mwaka 1899."

"Ilikufa na nini?"

"Wenye ile ekipe walinunua ingine, ya Saint Louis. Wakahamisha wachezaji wazuri kule. Waliobaki wakapoteza mechi zaidi ya mia moja na thelathini, msimu mumoja. Watu wakaacha kuja kuangalia, basi wakawa wanasafiri kwenda kufungwa kwa watu."

Pascasie alikunja jezi. Mfadhili wa Kigwena, Anwari, mwenye mashine ya kukamua mawese, alifadhili pia timu ya Rumonge mjini. Wakati wa Pasaka alikuwa amewahamishia huko Sabrina, kipa wao, na Naomie, mfungaji pekee waliyekuwa naye.

Pascasie na Meshaki wakaenda kwake. Walimkuta akila samaki, mukeke wa kuchoma. Aliwakaribisha, akasikiliza habari yote huku akichambua miiba.

"Masikini," alisema. "Na ile ya Saint Louis, ilichukua kombe?"

"Hapana, muzee. Ilikuwa ya tano."

Anwari aliacha kutafuna.

"Ya tano? Na wachezaji wote wale?"

"Ya tano."

"Sasa walifanya vile kwa sababu gani?"

Meshaki alisema simu haikufafanua.

Kesho yake Sabrina alirudi Kigwena kwa pikipiki. Naomie alibaki mjini. Anwari alituma ujumbe kwamba mtu hawezi kubadilika mzima kwa mara moja.

Jumapili walicheza na timu ya Muhuta. Sabrina alidaka kila kitu, hata mpira mmoja uliokuwa unatoka nje wenyewe. Mbele hawakuwa na wa kufunga, na kweli hakufunga mtu. Filimbi ya mwisho ilipolia, sufuri kwa sufuri, Pascasie alikaa chini katikati ya uwanja akaanza kulia.

Meshaki alimkimbilia. "Umeumia, dada?"

"Hapana, mwarimu," alisema, akijifuta kwa mkono wa jezi. "Tangu Pasaka, leo tu ndiyo hatukufungwa."