Kijiko cha Pili

Binti yangu aliniahidi nyumbani, mabegi yakiwa yamekwisha fungwa, kwamba ile chupa ataiacha. Ilikuwa dawa ya mafua ya watoto, maji mekundu matamu, na rafiki yake wa kazini ndiye aliyemfundisha: mpe mtoto kifuniko kimoja kabla ya kupanda ndege, atalala kama gogo mpaka mnashuka.

"Ana mafua?" nikamuuliza.

"Hana, mama."

"Basi dawa ni ya nani? Ya abiria?"

Nilijua anachokiogopa. Alipokuja likizo mtoto alilia njia nzima, na msichana mmoja akawapiga picha kwa simu, akawa anawaonyesha wenzake wanacheka. Binti yangu alifika nyumbani macho yamevimba kama aliyetoka msibani. Sasa alikuwa anarudi kwenye kazi yake ya kushona mashuka ya hospitali, na mimi nakwenda naye miezi sita, yeye aingie zamu, mimi nibaki na mtoto. Baba wa mtoto hayupo katika habari hii, kama asivyokuwepo katika nyingine.

"Mtoto halevywi ili watu wapumzike," nikamwambia. "Kulia ndiyo lugha yake. Mwenye masikio atayaziba."

"Sawa, mama. Naiacha."

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Amepewa jina la marehemu mume wangu, kwa hiyo mama yake anamwita Baba, na mimi namwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kiume. Nilikuwa namtania, "Mume gani wewe, hata suruali unavalishwa?" Naye anacheka, meno sita yote nje.

Kwenye uwanja wa ndege binti alimpeleka chooni kumbadilisha nepi, akakawia. Nilidhani ni foleni. Saa tatu asubuhi tukaruka.

Ndege ilipoinua pua, mtoto akashika masikio akaanza. Hakulia, alipiga kelele. Tulimpa maji, akamwaga. Tulimpa biskuti, akamtupia mhudumu. Nilimbeba nikatembea naye katikati ya viti, mbele na nyuma, mpaka nikawajua abiria wote kwa soksi zao. Akinyamaza dakika mbili, anaanza upya kama aliyekumbuka deni.

Mbele yetu alikaa bwana mmoja mwenye kola ngumu nyeupe, shingo imekaa juu yake kama mkate uliozidi chombo. Kila mtoto alipolia alisonya. Kisha akaanza maneno, haongei na sisi, anaongea na hewa.

"Watu wengine wangesafiri kwa punda. Punda hana jirani."

Jirani yake akacheka. Binti yangu akainamisha kichwa.

"Usiiname," nikamwambia. "Nauli umelipa kama yeye."

"Mama, wewe hujui. Watu wanaangalia."

"Waangalie. Sisi si sinema?"

Lakini saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na ya tatu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Binti akasema anakwenda kunawa uso. Nilijua anakwenda kulia. Akaniachia mtoto na mkoba.

Nilitia mkono mkobani kutafuta kitambaa cha kumfuta mtoto makamasi. Nikakuta soksi, na ndani ya soksi, chupa. Ilikuwa imefunguliwa.

Hasira niliyoipata siwezi kuipima. Aliniangalia usoni nyumbani, akasema sawa, mama, kisha akaenda kuivisha chupa soksi. Nilikaa nimeishika, nikapanga maneno ya kumwambia akirudi, moja moja. Kwa nini ilikuwa imefunguliwa, sikujiuliza. Nilikuwa na shughuli ya kukasirika.

Yule bwana akageuka, mara ya kwanza akanitazama machoni.

"Mama, huyo mtoto ni mgonjwa? Kama ni mgonjwa, mpe dawa. Kama si mgonjwa, mchape. Ukishindwa yote mawili, basi ulizaa ili iweje?"

Watu wa safu tatu wakacheka. Mmoja akapiga makofi.

Nimezika mume, nimezika na mtoto. Nimesimama mbele ya watu wa kila namna sijatikisika. Lakini kile kicheko kiliniingia. Nilichukua kijiko cha plastiki kwenye trei ya chakula, kile cha kulia wali, nikakijaza mpaka ukingoni, nikampa mjukuu wangu. Sikusoma maandishi. Nilijiambia kijiko kimoja si sumu. Akalamba midomo, akafungua mdomo apewe tena. Nikarudisha chupa ndani ya soksi, soksi ndani ya mkoba, kijiko nikakisukuma kwenye mfuko wa kiti.

Ilikuwa saa sita kamili. Najua kwa sababu nilitazama saa, kama mwizi anavyotazama mlango.

Binti aliporudi, mtoto alikuwa amelegea begani kwangu.

"Amelala?"

"Amelala."

Akamtazama, akanitazama mimi. "Hujampa kitu?"

"Nimpe nini? Haki ya Mungu, sijampa kitu."

Mimi siapi. Wanangu wote niliwakataza kuapa, na aliyethubutu alikula kofi. Binti yangu aliponisikia naapa, mabega yakamshuka, akaegemea kiti akafumba macho. Aliniamini kwa sababu siapi. Na mimi ile hotuba yote niliyompangia nikaimeza, maana nikiitaja chupa yake, nitaitaja na yangu.

Nikasali. Sala haikupanda. Ilikuwa inagonga dari ya ndege inarudi kunikalia mapajani.

Marehemu aliugua miaka miwili, na nilijifunza pumzi ya mtu ilivyo. Nilikuwa nikilala sikio moja liko macho. Kwa hiyo nilipomsikia mtoto anavuta pumzi, kisha kimya, kisha anavuta tena kama anayeburuta kitu kizito, nilikaa wima. Nikamgusa paji la uso, jasho la baridi. Nikamfinya kisigino. Mtoto anayelala akifinywa kisigino huvuta mguu. Huyu hakuvuta. Nikamfinya kwa kucha. Midomo ilikuwa na rangi nisiyoipenda.

"Mume wangu!" nikapiga kelele. "Mume wangu haamki! Jamani, mume wangu haamki!"

Binti akashtuka usingizini. "Baba! Baba, amka! Baba!"

Mhudumu akaja mbio. Alisikia mume haamki, alisikia baba haamki, akatafuta mwanamume. Na mwanamume alikuwepo: yule bwana wa kola, amejifunika blanketi usoni, kichwa kimelala upande wetu. Mhudumu akamvuta blanketi, akamfungua kola, akampiga mashavuni.

"Bwana! Bwana, unanisikia? Fungua macho!"

"Nini? Kuna nini?"

"Mkeo anasema huamki!"

"Mke gani? Yule? Mimi na yule?"

Ndege nzima ikaangua kicheko. Walicheka mpaka walioko nyuma wakasimama waone. Na mimi katikati ya kicheko nimeshika mtoto aliyelegea kama nguo mbichi, nahesabu pumzi zake, na kila mmoja anayecheka ananilia dakika.

"Si huyo!" nikanguruma. Sijui sauti ile niliitoa wapi. "Mjukuu wangu! Huyu hapa! Mnacheka nini?"

Kicheko kikakatika.

Mwanamke mmoja mwenye viatu vya raba alikuja kutoka nyuma akasema yeye ni muuguzi wa wodi ya watoto. Akamlaza mtoto ubavu kwenye viti, akamfunua macho, akammulika kwa simu, akahesabu pumzi huku anatazama saa ya mkononi. Mhudumu alileta mtungi wa hewa na kinyago kidogo.

"Amekunywa nini?" akauliza.

Mimi nikautazama mfuko wa kiti.

"Sikuja kugombeza mtu. Amekunywa nini?"

Binti yangu akavuta mkoba, akatoa soksi, akatoa chupa.

"Nilimpa kifuniko kimoja. Chooni, kabla hatujapanda. Saa mbili."

Nikamgeukia. "Uliniahidi."

"Ndiyo, mama."

"Ulinitazama usoni ukaniahidi!"

"Ndiyo, mama."

"Mtagombana baadaye," muuguzi akasema, anasoma maandishi ya chupa. "Kifuniko kimoja saa mbili. Sasa ni saa saba na nusu. Hicho kingekuwa kinamwisha mwilini. Kuna kingine?"

"Hakuna," binti akasema. "Tangu hapo alikuwa na mama, na mama ameapa hajampa kitu. Mama yangu haapi ovyo."

Mhudumu aliyekuwa ameshika simu ya kuongea na rubani akainama. "Rubani anauliza. Tumebakiza zaidi ya masaa matano. Kuna uwanja wa karibu, dakika arobaini. Tushuke au tuendelee?"

Muuguzi akafikiri. "Kama ni hicho kimoja cha asubuhi, tumwangalie, atazinduka mwenyewe. Kama kuna kingine juu yake, hatuna masaa matano." Akatuangalia, kwanza yeye, kisha mimi. "Nataka jibu sasa."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno ya binti yangu. Mwongo, nilitaka kumwambia. Mtoto niliyekulea mwenyewe, unakwenda kumficha mama yako mambo chooni. Maneno yalikuwa tayari, yananichoma ulimi, na ningeyasema mbele ya watu wote wale, na wangenipa haki. Yule bwana wa kola alikuwa amesimama anatazama. Safu tatu zilizocheka zilikuwa zinatazama.

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa kiti, nikatoa kijiko.

"Kipo kingine," nikasema. "Nimempa mimi. Saa sita. Kijiko hiki, kimejaa."

Muuguzi alichukua kijiko, akachukua kifuniko cha chupa, akamimina maji kutoka kifunikoni kwenda kwenye kijiko. Kimoja. Cha pili. Cha tatu ndipo kijiko kikafurika.

"Tushuke," akamwambia mhudumu. "Mwambie rubani tushuke sasa hivi."

Binti yangu aliniangalia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Mama, uliapa."

"Niliapa."

Ndege ikainama. Kipaza sauti kikatangaza, watu wakaguna. Yule bwana akarusha mikono juu.

"Nina mkutano! Watu wananisubiri! Kwa ajili ya..."

"Maliza," nikamwambia. "Kwa ajili ya nini? Sema, tusikie."

Akaanza kuifunga kola yake.

"Mkutano utafanyika bila wewe, na wala hawatajua kiti gani kiko wazi. Kaa chini, ufunge mkanda."

Akakaa. Ningependa kusema ni yeye aliyemnywesha mtoto. Ningepata usingizi. Lakini yeye alitoa maneno tu, mkono ulikuwa wangu.

Dakika zile arobaini muuguzi alipiga magoti sakafuni wakati wote, hata ndege ilipogusa ardhi, mhudumu amemshika kiunoni asianguke. Alituambia tumsugue mtoto kifua, tumwite, tusinyamaze. Tukamwita. Binti upande wa kichwani, mimi upande wa miguuni, hatutazamani.

Chini walikuwa wanasubiri na gari. Chumba cha zahanati ya pale uwanjani kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja na taa iliyokuwa inalia kama nzi. Wakamwekea mtoto mrija mkononi, wakamfunga kidole kwa kitu chenye mwanga mwekundu. Ilikaribia saa kumi alipofungua macho. Alitazama dari, akatazama mrija, akajaribu kuung'oa. Daktari akacheka kidogo, akasema kwa lugha yake, binti akanitafsiria: amevuka, lakini atalala hapa mpaka kesho, asiachwe peke yake, na maandishi yanahitajika. Nani alimpa, nini, kiasi gani. Akatuachia karatasi na kalamu, tuandike kwa lugha yetu, akatoka.

Binti akavuta karatasi.

"Naandika vyote nilimpa mimi," akasema.

"Kwa nini?"

"Wewe unaingia nchi ya watu kama mlezi wa mtoto, mama. Wakiona hivi, wanakurudisha kutoka hapa hapa."

"Wanirudishe."

"Na mimi zamu naingia na nani? Mtoto namwacha na nani?"

"Hilo ungelifikiri chooni."

"Na wewe ungelifikiri kwenye kiti!" Alisema kwa sauti ya chini, meno yamebana, maana mtoto alikuwa kati yetu. "Mimi nilipima. Angalau nilipima. Wewe ulinisema mpaka nikajiona mchawi, kisha ukampa kijiko cha wali."

"Si nilikupigia magoti uiache chupa?"

"Hukupiga magoti. Wewe hupigi magoti kwa mtu, unaamuru tu. Ndiyo maana nilikuficha."

Nikakasirika zaidi. Nikanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi."

"Mama, tafadhali."

"Lete. Uongo wa leo umenitosha. Ukiandika vyote ni vyako, siku moja wakakunyang'anya mtoto kwa kijiko changu, utaniambia nini? Mimi nitamwambia Mungu nini? Lete hapa."

Akaiachia. Yeye alikuwa ameandika mstari wake wa kwanza: kifuniko kimoja, saa mbili asubuhi, mama wa mtoto. Niliweka karatasi juu ya goti, nikaandika chini yake kwa herufi kubwa, polepole, maana darasani tulifundishwa kwamba herufi isiyosomeka ni bora isiandikwe:

KIJIKO CHA PILI NILIMPA MIMI BIBI YAKE. KILIKUWA KIKUBWA. MAMA YAKE HAKUJUA.

Nikamrudishia. Akaisoma mara mbili, kidole kinafuata maneno. Nilingoja anipigie kelele, nilikuwa tayari nami kumpigia.

"Hujaandika saa," akasema.

Akanipa kalamu. Nikaandika saa.