Soksi ya Saa Kumi

Siku tano mfululizo, saa kumi alasiri ilipofika, mtoto mchanga wa Fundi aliangua kilio. Hakikuwa kilio cha njaa, maana saa tisa alikuwa amenyonya mpaka maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo. Wala hakikuwa cha kulowa, maana nepi ilikuwa kavu. Kilikuja ghafla, kama cha mtu aliyeonewa, na kilikuja wakati ule ule, kana kwamba kichanga cha wiki tatu kimevaa saa mkononi.

Fundi alikuwa mtengenezaji wa mafriji. Kazini kwake watu walimletea friji na kumwambia, "Limeharibika tu, sijui kwa nini," na neno hilo "tu" lilikuwa likimkera tangu ujana. Kwake yeye hakikuwepo kitu kinachoharibika tu. Sasa alikuwa amepewa ruhusa ya wiki mbili akae nyumbani amsaidie mkewe. Alikuwa amefua, amepika, amepiga deki, na mikono ilianza kumuwasha kwa kukosa kitu cha kuchunguza. Kilio cha saa kumi kilimjia kama zawadi.

"Mama Chiriku," alimwambia mkewe, "huyu mtoto ana jambo lake la saa kumi."

"Watoto hulia, Baba Chiriku."

"Sawa, hulia. Lakini mbona halii saa nane?"

"Unataka alie na saa nane? Nikamwombe?"

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la pili, yuko likizo ya uzazi, na uchovu haukuwa umemwondolea ulimi wake. Binti yao wa kwanza alikuwa amerithi ulimi huo mzima mzima. Alikuwa na miaka miwili na nusu, na tangu anapofumbua macho asubuhi mpaka anapoyafumba usiku mdomo wake haukutulia. Ndiyo maana wakamwita Chiriku. Yeye naye ndiye aliyempa mdogo wake jina la nyumbani. Siku mtoto alipoletwa kutoka hospitali, Chiriku alimtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa adabu kabisa, "Mgeni anaondoka lini?" Tangu hapo kichanga kikawa Mgeni.

Fundi alichana upande mmoja wa katoni ya sabuni, akachora mistari, akaubandika ukutani jikoni. Kila Mgeni alipolia, aliandika saa, alichokuwa akifanya, na kilichomnyamazisha. Vilio vingine vilitawanyika ovyo kama mchele uliomwagika. Cha saa kumi tu kilisimama pale pale, siku baada ya siku.

Akampigia simu mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa nao wiki ya kwanza kisha akarudi kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgeni wetu hajambo?"

"Hajambo mama, ila analia saa kumi kila siku."

"Hilo ni chango. Mkande tumbo polepole, umlaze kifudifudi juu ya mapaja."

Akakandwa. Akalia saa kumi. Muuguzi wa kliniki alimpima, akasema uzito unapanda vizuri, mtoto mzima wa afya, na akamwangalia Fundi kwa huruma zaidi kuliko alivyomwangalia mtoto.

Ndipo Fundi akashuku jua. Saa kumi mwanga uliingia kwa mshazari dirishani, ukatua kwenye kitanda cha mtoto, kile cha fito. Akakigeuza, kichwa kikawa miguuni na miguu ikawa kichwani. Mkewe alisimama mlangoni na taulo begani akimtazama anavyosukuma kitanda.

"Umemaliza mafriji, sasa umehamia kwa mwanangu."

"Subiri kesho utaona."

Kesho yake wakaona. Saa kumi na dakika tatu, Mgeni akalia vile vile. Ila safari hii kulikuwa na tofauti ndogo, na ni mkewe aliyeitaja, tena bila kujali, huku akimnyanyua mtoto amnyonyeshe.

"Haya, leo kavuliwa ya kulia."

"Ya kulia nini?"

"Soksi. Kila siku hupoteza ya kushoto. Zimeniishia. Nadhani anazipiga teke zinaangukia nyuma ya kitanda."

Fundi alilala kifudifudi akamulika chini ya kitanda kwa tochi. Palikuwa na vumbi, kizibo cha chupa, na kipande cha biskuti cha siku nyingi. Soksi haikuwepo. Akakaa sakafuni, akakuna kichwa. Mtoto wa wiki tatu hajui mguu wake ni wake. Angewezaje kuvua soksi ya kushoto siku tano, kisha kitanda kikigeuzwa avue ya kulia?

Akainuka, akakitazama kitanda vizuri. Upande mmoja uliegemea ukutani. Kabla ya kugeuzwa, mguu uliokuwa upande wa chumba ulikuwa wa kushoto. Sasa ulikuwa wa kulia. Soksi iliyopotea ilikuwa daima ile ambayo mkono ungeweza kuifikia kupitia kwenye fito.

Nyumba ile ilikuwa na mikono mitatu ya ukubwa tofauti, ukiacha ya Mgeni mwenyewe, na Fundi alijua ya kwake haikuvua soksi ya mtu.

Siku ya saba hakumwambia mkewe kitu. Saa kumi kasoro alijibanza nyuma ya mlango wa chumba, jicho kwenye ufa wa bawaba, akabana pumzi. Mkewe alikuwa uani akianika nguo. Mgeni alikuwa usingizini, ngumi mbili kando ya masikio. Kwa mbali, kengele ya kutoka ya shule ya mtaani ikalia. Watoto wakapita barabarani kwa kelele zao, wengine wakigonga mageti ya watu kwa vijiti, mpaka vishindo vikafifia.

Kisha zikasikika nyayo ndogo, peku, koridoni.

Chiriku aliingia kimya. Ukimya wake ndio uliomshtua Fundi kuliko kitu chochote, maana hakujua mtoto yule anao. Alijisogeza mpaka kwenye fito, akaingiza mkono, akaishika soksi kwenye kidole gumba na kuimenya polepole kama anayemenya ndizi mbivu. Akaitia mfukoni mwa gauni. Halafu akachutama, akapeleka mdomo karibu, akapuliza vidole vile vya mguu: fuu, fuu. Akangoja, shingo kaikunja upande, kama mtu anayesikiliza maji kama yamechemka.

Mgeni akakunja uso, akaukunjua, akaukunja tena, kisha akafungua mdomo.

"Mama! Mgeni analia!" Chiriku akapiga yowe na kutimua mbio.

Fundi akamfuata kwa kunyata. Alimkuta sebuleni ameshapanda kwenye kochi, amekaa pembeni kabisa, miguu inaning'inia, anapigapiga mto ulio karibu naye. Mama mtu akaja mbio mikono ingali na maji, akamchukua Mgeni chumbani, akaja naye, akakaa pale pale palipopigwapigwa. Mgeni akanyonya. Chiriku akaegemea ubavu wa mama yake, akaweka mguu mmoja juu ya paja lake, akaanza: leo kunguru kala sabuni, baba kalala chini ya kitanda na tochi, jirani ana ndoo nyekundu, ndoo yetu si nyekundu. Mama akaitikia, "Eeh. Kweli? Ehe," na mkono wake mmoja, ule usiombeba mtoto, ukawa unapapasa nywele za Chiriku.

Fundi alisimama pale mlangoni na hasira aliyokuwa ameiandaa ikamwishia mikononi. Alikumbuka. Kabla ya Mgeni, saa kumi ndiyo ilikuwa saa ya mwalimu kurudi. Watoto wa shule wakipita, dakika chache baadaye naye huingia, hutupa viatu, hukaa kwenye kochi lile, na Chiriku hupanda akampa habari za siku nzima. Fundi mwenyewe hakuwahi kuwepo saa hizo siku za kazi. Alikuwa akisimuliwa tu.

Jioni, Chiriku alipokuwa akicheza na vifuniko vya sufuria, Fundi alimweleza mkewe yote. Mkewe alicheka, kisha hakucheka tena.

"Lakini niko naye kutwa nzima! Nalala naye, naamka naye, namwogesha."

"Uko naye. Ila hurudi."

"Kurudi nako ni nini?"

"Tangu huyu aje, watoto wa shule wanapita na wewe huji nyuma yao. Na kutwa nzima hukai chini. Nimekuangalia wiki nzima, unakaa ukiwa unanyonyesha tu. Binti yako kaliona hilo kabla yangu."

Mwalimu akawa anakunja nepi moja ile ile mara mbili, mara tatu. "Na hampigi?" aliuliza. "Hamfinyi?"

"Hata. Anampuliza vidole."

"Miaka miwili na nusu," akasema mkewe, na sauti yake ilikuwa katikati ya mshangao na kitu kingine. "Mimi darasani ninao wa miaka minane hawawezi kupanga jambo likatimia."

Ndiye aliyetoa wazo. Siku iliyofuata, saa kumi kasoro, alimpa Fundi mtoto, akavaa viatu vyake vya kazini na kuchukua ule mkoba wa shule uliokuwa ukining'inia kwenye kitasa nyuma ya mlango tangu aanze likizo. Akaufungua atie kitambaa. Akasimama.

"Baba Chiriku, hebu njoo."

Ndani ya mkoba, juu ya kalamu nyekundu na vipande vya chaki, zilikuwepo soksi saba ndogo. Walizitazama wote wawili. Kwa nini humo? Fundi alifikiria kwamba mtoto alikuwa akizificha. Mkewe alifikiria kwamba alikuwa akiuandaa mkoba uende kazini, ili urudi. Hawakukubaliana, na hawakumuuliza, kwa sababu Chiriku angetoa jibu refu lisilohusu soksi.

Mwalimu alitokea mlango wa nyuma. Watoto wa shule walipita. Kelele zikaisha. Fundi, Mgeni begani, alichungulia sebuleni akamwona Chiriku ameshainuka kwenye mkeka, tayari kuelekea chumbani.

Mlango wa mbele ukabishwa. "Hodi! Hodi wenyewe!"

Chiriku akaganda. Mlango ukafunguka, mama yake akaingia na mkoba begani, akatupa kiatu kimoja huku, kingine kule, akajibwaga kwenye kochi. "Aah, nimechoka mimi! Hebu nipeni habari za leo."

Chiriku hakusogea mara moja. Aliangalia mlango wa nyuma, akaangalia wa mbele, akaangalia viatu. Ilionekana wazi kwamba hesabu haimjii. Kisha akaamua kwamba hesabu si muhimu, akapanda kwenye kochi kwa magoti na viwiko, akaanza na kunguru.

Baadaye mkewe alimwambia Fundi kwamba alikuwa amechelewa kubisha hodi kwa makusudi. Alikuwa amezunguka nyumba mpaka kwenye ukuta wa pembeni, na pale akasimama peke yake, mikono mitupu, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Hakufanya kitu. Aliangalia tu waya wa umeme na ndege waliotua juu yake, akahisi mabega yake yanashuka. "Kesho nitazunguka mara mbili," alisema.

Lakini hayo yalisemwa baadaye. Wakati ule Fundi alirudi chumbani akijisifu moyoni. Friji limepona. Ni saa kumi na dakika kumi na mtoto katulia, soksi zote mbili miguuni.

Mgeni akaangua kilio.

Fundi alimtikisa taratibu. Akamwimbia. Akachungulia nepi: kavu. Akampapasa miguu: ya moto. Akamhamisha mkono wa kulia, wa kushoto, akatembea naye kutoka kabatini mpaka mlangoni, jasho likaanza kumtoka, na kilio kikapanda ngazi baada ya ngazi.

"Baba, umemfanya nini?"

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Sijamfanya kitu, mama. Hata soksi anazo, tazama."

Chiriku alisogea, akakagua mguu wa kwanza, akakagua wa pili, kama mtu asiyehusika na soksi maishani mwake. Halafu akatikisa kichwa. "Hapendi bega hilo."

"Anapenda lipi?"

"Lile. Aone pazia."

Fundi akamhamishia Mgeni bega la pili, uso ukaelekea dirishani. Upepo ulikuwa unajaza pazia na kuliacha, unajaza na kuliacha. Mgeni akakatiza kilio katikati, akakodoa macho, akatoa kwikwi moja, akanyamaza.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Namwangalia."

"Unamwangalia lini?"

"Kila siku. Akilala anacheka, lakini hakuna mtu. Na ukimpuliza hapa," akagusa kipaji cha uso wake mwenyewe, "anafunga macho. Na hapendi kijiko kikianguka. Na anapenda mlango ukisema kwiii."

Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, Mgeni begani, akiogopa kutikisika. Ubao wake wa katoni jikoni ulikuwa na mistari ya siku kadhaa, na hakuna hata moja ya habari hizi iliyokuwamo.

"Na nini tena?" akauliza.

Chiriku alipanda kitandani, akajipanga karibu na goti la baba yake, akavuta pumzi ndefu ya mtu mwenye mengi.

"Jamani!" mama yao akaita kutoka sebuleni. "Mimi si ndiyo nimerudi? Mbona mmenikimbia?"