Nani Kamfundisha Kuotea?

"Ameotea huyo," alisema mke wa Fundi, akarudi kwenye pindo la gauni alilokuwa akilishona. "Tena ameotea kabla hata pasi haijatoka."

Fundi aliganda na kikombe mkononi. Kwenye runinga mshambuliaji wa Wekundu alikuwa ameshafunga, anakimbilia kwenye kona na mashabiki wamepagawa. Kisha refa akapuliza filimbi. Goli limekataliwa. Ameotea.

Sasa, asiyemjua mwanamke huyu atasema, kuna ajabu gani hapo? Ajabu ipo! Huyu ndiye aliyeuliza, siku za mwanzo za ndoa, mbona kipa kavaa tofauti na wenzake, ameazima jezi? Huyu ndiye aliyekuwa akihama sebule mpira ukianza, akisema hawezi kukaa chumba kimoja na watu wazima ishirini na wawili wanaogombea kitu kinachouzwa dukani. Leo anaona kuotea! Fundi mwenyewe, mtu wa Wekundu tangu hajaota meno, alikuwa hajaona.

"Umejuaje?" akauliza.

"Si nimeona."

"Nani kakufundisha?"

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Mpira nao una shule?" Akacheka, akaenda zake jikoni. Jibu lile halikuwa jibu, na kicheko kile kilikuwa kifupi mno.

Kazi ya Fundi ni kutengeneza friji, na fundi wa friji husikiliza kwanza kabla hajashika bisibisi. Mlio ukibadilika kidogo tu, anajua kuna kitu kinavuja ndani. Basi akaanza kumsikiliza mkewe. Nawe ukimsikiliza mtu ukiwa umeshaamua kuwa ana kosa, kosa utalipata tu, hata kwenye kupiga chafya.

Akaanza na sauti. Kila mkewe alipotoka jioni kwenda, kwa maneno yake mwenyewe, "kumpima mteja", alirudi koo limekauka, sauti inakwaruza, anaomba maji ya uvuguvugu. Kupima kiuno cha mtu kunakausha koo tangu lini? Ikaja harufu: mafuta ya kuchua, yale makali ya wenye maumivu ya viungo, yamemganda viganjani. Halafu Jumapili moja mchana, amejinyoosha kwenye kochi kapitiwa na usingizi, Fundi akamsikia ananong'ona: "Kushoto... kushoto tena... sasa katikati... ah, jamani!"

Nani huyo anayeelekezwa kushoto? Fundi aliinamisha sikio asikie zaidi, lakini mkewe akageukia ukutani na kuanza kukoroma. Mume wa watu akabaki pale na kijasho chembamba.

Yalipomshinda akayapeleka kwa Kinyozi. Hao wawili ni chanda na pete, na Kinyozi, kama vinyozi wote, kichwa chako kikiwa mikononi mwake ulimi wake hauna breki.

"Mwanamke haamki tu asubuhi akajua kuotea," alitoa hukumu, mashine inanguruma nyuma ya sikio la Fundi. "Na mafuta ya kuchua ni ya nani? Ni ya watu wa mpira. Huyo bwana ni mchezaji. Au kocha."

"Kocha?"

"Makocha wana maneno, ndugu yangu! Mtu anampanga beki asimame hapa na beki anasimama, atashindwa na mke wa mtu? Kikulacho ki nguoni mwako."

Tangu siku ile wakamwita Kocha, kana kwamba wameshakula naye meza moja. Fundi akampa urefu, akampa kifua, akampa na filimbi shingoni. Alimchukia mtu yule asiyemjua mpaka chakula kikawa hakipiti.

"Tuyaache hayo, fainali hiyo imefika," Kinyozi akasema siku nyingine, akimpangusa nywele shingoni. "Wekundu na Weupe, kombe la Ulaya nzima! Mzee wako huko aliko presha itakuwa juu."

"Usinitajie."

Kinyozi akarudi kwenye nywele, maana habari aliijua. Baba yake Fundi ni Weupe wa damu. Fainali ya mwisho baina ya timu hizi waliitazama pamoja, sebuleni kwa mzee, na majirani wamejaa. Mzee alishikilia kuwa mpira wa Wekundu haukuvuka mstari. Ukarudiwa kuonyeshwa, ukarudiwa tena, yeye yuko palepale. Fundi, kwa raha ya ushindi, akamwambia mbele ya watu, "Mzee, kubali tu umepofuka!" Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alinyoosha kidole mlangoni, akasema asimwone tena pale. Fundi naye akavimba: baba gani huyu asiyetaniwa? Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa kichwa kigumu ni kichwa kigumu. Hakuna aliyerudi nyuma, mwaka ukazaa mwaka.

Siku ya fainali watu walivaa jezi tangu asubuhi. Kinyozi alikuwa amemshikia Fundi kiti cha mbele kwenye banda la mpira. Fundi amevaa nyekundu yake, anafunga kamba za viatu, mara mkewe akatoka chumbani na mkoba begani.

"Naenda kumpima bibi harusi. Huenda nikachelewa."

"Leo? Bibi harusi mwenyewe haangalii fainali?"

"Harusi haingoji mpira, mume wangu. Nenda kafurahi na wenzako."

Akatoka. Macho ya Fundi yakapanda ukutani, juu ya cherehani. Utepe wa kupimia ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wake. Mshonaji anayekwenda kupima bila utepe anapima kwa nini, kwa shibiri? Akautia utepe mfukoni, ushahidi huo, akatoka kumfuata. Za mwizi arobaini.

Kwanza mkewe akaingia duka la dawa. Muuzaji alikuwa amekodolea runinga, mpira umeshaanza, na wateja wamepanga foleni hawasikilizwi. Fundi akasubiri ng'ambo ya barabara, amejibanza nyuma ya tangi la maji na jezi yake inayoonekana toka mbali. Mara mtaa ukalipuka: Weupe wamefunga. Baadaye ukalipuka tena, safari hii kwa sauti za watu wake: Wekundu wamesawazisha! Fundi hakuinua hata mkono. Fainali aliyoiota miaka yote, na yuko nyuma ya tangi anamchungulia mkewe akinunua dawa. Alijionea huruma, kisha akaona aibu, kisha hasira ikavimeza vyote viwili.

Mkewe akatoka mbio mbio na kichupa mkononi. Mafuta ya kuchua! Anamnunulia kabisa, kwa hela ya nyumba! Akakata kushoto, akakata kulia, naye Fundi nyuma. Njia zilikuwa tupu, kila dirisha linanguruma. Halafu akaanza kuijua njia yenyewe. Ukuta ule uliobomoka alikuwa akiuruka utotoni. Hana haya mwanamke huyu, kumbe Kocha anaishi kwenye mtaa nilikokulia! Mkewe akasimama kwenye geti la bati, akatoa ufunguo wake mwenyewe mkobani, akaingia.

Fundi akashika ukuta. Geti lile alilipaka rangi kwa mkono wake. Ilikuwa nyumba ya baba yake.

Akiwa amesimama pale, akili imemganda, mtaa ukalipuka kwa mara ya tatu. Walioshangilia walikuwa Wekundu. Hakusikia furaha yoyote. Alisukuma geti polepole, akanyata mpaka chini ya dirisha la sebule, akachungulia.

"...yuko kulia kwetu, anakokota, beki mmoja kamwacha, anainua kichwa, krosi hiyo, ndefu, ndefu... kipa kaudaka, baba."

Ilikuwa sauti ya mkewe, mbio mbio, haivuti pumzi. Mzee alikuwa kwenye kiti chake kilekile, suruali imekunjwa juu, miguu imenyooshwa kwenye kigoda. Uso wake haukuelekea runinga. Uliielekea sauti. Akanyoosha mkono kutafuta kikombe mezani, mkono ukapita pembeni, ukapapasa hewa, na mkewe Fundi akamsogezea kikombe bila kukatiza utangazaji.

Maneno yake mwenyewe yakamrudia: *Kubali tu umepofuka.* Kumbe siku ile mzee alikuwa haoni mstari, haoni mpira, na anaficha. Na mwanawe wa kumzaa akamtangazia mbele ya majirani.

"Mtangazaji wa runinga anaongea na wenye macho," mzee alikuwa akisema. "Kazi yake kusifia majina. Wewe unaniambia mpira ulipo. Haya, ngapi ngapi?"

"Bado moja moja, baba."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mkwe wangu, nimepofuka, sijaziba masikio. Mtaa umelia sasa hivi, na waliolia si watu wetu. Msimu mzima unanipunguzia magoli, unadhani sijui? Mnanihurumia tu, wewe na kila anayeingia humu. Yule mshenzi wangu angekuwepo..." Akausugua mkono wa kiti. "Yule asingenihurumia. Angeshanicheka mpaka nimrushie kiatu."

"Mbili moja, mzee," Fundi akasema pale dirishani. "Mnachapwa."

Mkewe alishtuka, akajishika kifua. Mzee hakushtuka. Aliinua kidevu tu.

"Hata shikamoo hakuna," akasema mwishowe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hilo goli la pili, aliotea?"

Fundi akafungua kinywa. Siku nyingine angeapa kwa mbingu na ardhi kwamba ni goli halali. "Sikuona, baba."

"Hukuona?"

"Sikuona. Hata moja sikuona."

"Basi tuko wawili," mzee akasema. "Ingia. Mpumzishe mkeo, koo limemwisha. Tangaza wewe, na usinipunguzie hata kona."

Fundi akaingia, akakaa ukingoni mwa kigoda, karibu na miguu ya baba yake. Akaanza kutangaza. Mpira uko kwa kipa wenu, kampa beki wa kati, beki anababaika, huyo beki wenu hafai hata kuchunga kuku. Mzee akamtukana. Fundi akarudisha. Kufika dakika za mwisho walikuwa wanapayuka wote wawili mpaka mpangaji wa uani akaja kuchungulia kuna nini.

"Anapiga! Umegonga mwamba, mzee!"

"Mwamba upi?"

"Wa kushoto. Umerudi uwanjani, tumeuondosha."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu, baba. Sikupunguzii." Kisha filimbi. "Umekwisha. Mmefungwa mbili moja."

Mzee alisubiri. "Mbona hucheki?"

Fundi alijaribu, kikatoka kilio. "Ningejua siku ile, baba..."

"Ungejua ungenihurumia. Ndiyo maana nilimwapisha mkeo asikwambie. Alikuja kunisalimia akanikuta nimelibandika sikio kwenye runinga, akaona hii si haki, akajifunza mpira kwa ajili yangu." Mzee akajifuta uso kwa kiganja, haraka, kana kwamba ni jasho. "Sasa nieleze. Mtu wa Wekundu, siku ya fainali, alikuwa anafanya nini chini ya dirisha langu?"

Mkewe Fundi naye akageuka kumtazama. Swali lile alikuwa nalo tangu alipoiona jezi nyekundu dirishani. Fundi hakuwa na pa kukimbilia. Akatoa utepe mfukoni, akauweka mezani. Mkewe akautazama, akamtazama yeye, na uso ukamshuka.

"Ulikuwa unanifuata."

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Sema, na baba asikie."

"Nilidhani kuna mwanamume anakufundisha mpira."

Mzee aliangua kicheko akapaliwa, akapiga mkono wa kiti. "Na mimi ndiye kipofu!" akasema, machozi yakimtoka. "Mimi ndiye kipofu humu ndani!"

Mkewe hakucheka. Aliuviringisha utepe vidoleni, taratibu, mpaka ukaisha. "Na huyo mwanamume wangu, mlimpa jina?"

"Kocha," Fundi akajibu, macho chini. "Kinyozi ndiye aliyempa jina. Kwa sababu ya harufu ya mafuta ya kuchua."

Mwanamke akafungua mkoba, akatoa kile kichupa kipya, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe.

"Kocha huyo hapo," akasema. "Magoti hayamlazi. Mkande. Mimi na wewe tutaongea nyumbani, na maongezi yenyewe hayatakuwa mafupi."

Fundi akapiga magoti sakafuni na jezi yake ya ubingwa, akamimina mafuta, akaanza kukanda goti la baba yake. Mikono iliyozoea bisibisi haikujua ianzie wapi. Mkewe alisimama nyuma yake akimwangalia anavyohangaika, akavumilia, akashindwa.

"Kushoto," akasema kwa ile sauti yake iliyokwaruza. "Kushoto tena. Chini kidogo. Hapo."