Moto Chini ya Joho

Tangu aolewe, Zoon hakuwahi kusemeshwa na baba mkwe wake ana kwa ana. Si kwamba mzee alimchukia. Ndivyo walivyoishi watu wa Tangmarg, mji ulio chini ya milima ya theluji: mkamwana hufunika kichwa mkwewe akiingia, huinamisha macho, na neno la mzee likitaka kumfikia huzungushwa kwanza kwa mtu mwingine, kama maji yanavyozungushwa mferejini kabla ya kuingia shambani. Nyumbani mtu huyo alikuwa Rahti, mama mkwe. Subhan husema, "Mwambie chai imepoa," na Zoon amesikia vizuri kabisa, lakini hanyanyuki mpaka Rahti amgeukie amwambie chai imepoa.

Taabu ilikuwa njiani. Subhan Chopan alikuwa dereva wa jipu, gari la milimani. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha wageni kutoka Tangmarg hadi Gulmarg, kule juu wanakokwenda watu kuteleza kwenye theluji kwa mbao walizofunga miguuni. Mumewe Zoon, Mehraj, alikuwa Kolkata akiuza mashali tangu majani ya miti ya chinari yalipopukutika, na Zoon mwenyewe alikuwa amepata kibarua hukohuko Gulmarg, katika duka la kukodisha mbao hizo, cha kuwavisha wageni wa kike viatu vile vizito kama matofali. Basi kila asubuhi alipanda na mkwewe, akakaa kiti cha mbele, amejibana mlangoni asije akamgusa mzee hata kwa upindo wa nguo. Na humo garini Rahti hayumo.

Kwa hiyo Subhan alizungumza na gari.

"Wewe gari, mlango wako wa kushoto haujashika."

Zoon aliufungua, akaubamiza tena.

"Gari, leo wewe utashuka mapema au utachelewa?"

Na Zoon, macho kwenye magoti yake, alilijibu gari vilevile, kwamba leo kuna wageni wengi, huenda likachelewa. Wageni waliokaa nyuma walicheka wakidhani ni mzaha wa madereva wa milimani. Hawakujua kuwa ile ndiyo adabu yenyewe, imevaa nguo za mzaha.

Asubuhi hiyo baridi kuu ilikuwa katikati ya siku zake arobaini. Bomba la maji lilikuwa limepasuka, na ndoo jikoni ilikuwa imefanya kifuniko cha barafu. Zoon aliamka akatayarisha kangri ya mkwewe, kile chungu kidogo cha udongo kilichosukiwa kikapu, ambacho kila mtu wa huko hukibeba tumboni chini ya joho wakati wa baridi, kama mama mwenye mimba. Chini aliweka makaa ya majani, juu makaa ya mti wa tufaha. Alipoyatazama akaona ni machache kwa baridi ile, akaongeza, yakafika ukingoni.

Rahti aliyaona akaguna. Kila siku alisema neno lilelile, na siku hiyo pia alilisema: moto ni wa kukaa nao barazani, kwenye usukani mtu auache. Subhan naye alikuwa na jibu lake, na alilisema akilitazama birika. Hita ya gari ilikufa zamani, na mkono uliokufa ganzi hauijui kona. Walikuwapo madereva vijana waliovaa glavu. Subhan aliwacheka; alisema kuendesha na glavu ni sawa na kula wali na soksi mkononi.

Stendi ya Tangmarg walifunga minyororo kwenye matairi, wakapakia wageni watatu kutoka Pune. Alikuwapo kijana mmoja, Omkar, mwenye miwani mikubwa ya theluji aliyokuwa ameshaivaa ingawa theluji ya kutelezea ilikuwa bado mbali; mkewe Ketaki; na mama yake Omkar, mwanamke mnene mwenye shanga za sala mkononi. Subhan aliingia, akakaa, akaipachika kangri katikati ya mapaja, akashusha joho juu yake kama mtu anayemfunika mtoto. Hapana mgeni aliyeona kitu.

Njia ya kupanda Gulmarg hujikunja kama utumbo. Upande mmoja ni ukuta wa mlima na misonobari iliyolemewa na theluji. Upande wa pili ni hewa. Theluji iliyoyeyuka mchana ilikuwa imeganda tena usiku, barafu ikawa nyeusi, ya kung'aa, ile ambayo madereva huiita kioo. Minyororo ililia chini ya gari. Mama Omkar alizishika shanga zake kwa nguvu, na kila kona alimuuliza mwanawe kwa nini hawakwenda baharini kama watu wengine.

Ketaki alimcheka. "Mama, ukifumba macho vile utamfundisha dereva kufumba na yeye."

"Nyamaza wewe. Ni wewe uliyetaka theluji. Friji tulikuwa nayo nyumbani."

Ketaki aliangua kicheko, akamlalia mama mkwe wake begani. Mama mkwe akamsukuma, kisha akamwachia. Zoon alikuwa akiwatazama kwenye kioo kidogo cha juu, akashtuka kama mtu aliyechungulia chumba kisichokuwa chake. Mtu na mkwewe, begani! Alirudisha macho magotini upesi.

Walipofika Kona ya Mjane, ambayo ndiyo kali kuliko zote, Subhan aliingiza gia ya kwanza na kuanza kuizunguka taratibu. Hapo ndipo jipu lingine lilipotokea juu yao likiteremka kwa ubavu.

Mnyororo wake mmoja ulikuwa umekatika na ukiburuta kando kama utumbo wa mbuzi. Zoon alimjua dereva kabla ya kuiona sura, kwa kofia nyekundu: alikuwa Lassa, mtoto wa jirani, mmoja wa wale wa glavu. Jipu la Lassa lilikuja polepole. Hilo ndilo lililotisha, ule upole wake. Lilikuja kama mlango unaofungwa na upepo, na hapakuwa na mkono wa kuuzuia. Subhan alikanyaga breki. Gari lao lilirudi nyuma kidogo, likateleza kuelekea upande wa hewa, kisha mnyororo ukauma jiwe na likasimama. La Lassa likaja, likaja, likajipigiza ukutani, likatulia mbele yao. Baina ya pua za magari mawili hata mkate usingepita.

"Asitikisike mtu," alisema Subhan.

Hakuinua sauti. Zoon alitupa jicho dirishani kwake, asiione barabara. Aliona vichwa vya misonobari, chini kabisa.

Breki ya mkono ilikuwapo, lakini Tangmarg hapana mtu anayeivuta siku za baridi kuu. Waya wake huganda, na ukishaivuta haiachii tena, kwa hiyo madereva huuchomoa waya huo wenyewe msimu unapoanza. Wanachotumia ni gogo la kuweka nyuma ya tairi, na gogo la Subhan lilikuwa chini ya kiti cha nyuma, limekaliwa na mama Omkar. Kulitoa ni kumnyanyua, na kumnyanyua ni kulitikisa gari. Miguu yote miwili ya mzee ilikuwa kazini, na mikono yote miwili ilikuwa imeukaza usukani kuelekea ukutani. Akilegeza kiungo kimoja, wote watano wanakwenda.

Lassa alishatoka kwake, akawa anatambaa juu ya kioo kile cha barafu kwa mikono na magoti, gogo lake mwenyewe kwapani. Alikuwa anakuja, ila alikuja kwa mwendo wa kobe, maana akisimama anateleza.

Ndipo Zoon aliposikia harufu.

Kwanza alidhani ni klachi. Omkar naye alinong'ona kwamba kuna kitu kinaungua. Lakini klachi hainuki sufu. Zoon aligeuza macho, si uso, macho tu, akaona uzi mwembamba wa moshi ukitoka kwenye ukosi wa joho la mkwewe, ukimpitia kidevuni na kupotea kwenye ndevu.

Alielewa papo hapo. Pale breki ilipokanyagwa kangri ilipinduka, na yale makaa aliyoyajaza mpaka ukingoni, kwa mkono wake, yalikuwa yamemwagika mapajani.

Mzee hakugeuka. Alikuwa akitazama mbele, na katika baridi ile iliyogandisha maji ndooni jasho lilikuwa linamtiririka kwenye nyusi na kuingia machoni, wala hakupepesa. Midomo ilicheza kidogo. Zoon alingoja aseme. Aseme chochote, hata kwa gari. Aseme, gari, unaungua.

Hakusema.

Naye Zoon akakaa. Mikono yake ilikuwa huru, imelala magotini, haina kazi yoyote duniani. Alijua la kufanya, na mwili ulikataa. Kuingiza mkono chini ya joho la baba mkwe! Yeye ambaye hata kulitundika ukutani hulishika kwa ncha za vidole. Aliiona sura ya Rahti. Alimwona Mehraj akihadithiwa huko Kolkata. Aliwaza hata wageni nyuma, watasema nini. Pumzi moja ilipita, ya pili, ya tatu, na moshi ukawa mnene, na mguu wa kulia wa mzee, ule wa breki, ukaanza kutetemeka.

Gari likashuka nyuma kidogo, kama mtu aliyesinzia.

Mama Omkar alilia. Zoon akaukamata upindo wa joho akaupandisha, akatumbukiza mikono yote miwili.

Hakuchagua. Aliyashika makaa kama mtu anayekusanya njugu zilizomwagika, moja likiwa limeshikamana na sufu ya suruali, na chini yake hapakuwa tena na sufu, ni ngozi tupu. Aliyabandua. Alizungusha mpini wa dirisha kwa kiwiko, akayatupa nje, yakapiga kelele kwenye theluji. Akarudi tena. Akarudi mara nyingine, sasa na theluji aliyoikwangua juu ya kioo cha pembeni, akaisukumiza mlemle kwenye mapaja ya mkwewe, na mzee akatoa sauti ya kwanza, ndogo, kama ya ndama. Mguu haukuondoka kwenye breki.

Chini nyuma palisikika mgongano wa gogo na tairi. Lassa alipiga ubavu wa gari kwa ngumi. "Legeza, mzee. Nimelikaba."

Subhan alilegeza. Gari lilitulia.

Lassa alikuja dirishani kwa magoti, anacheka kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Mzee Subhan, umepika nini humu, mishikaki?" Kisha akaona. Kicheko kilibaki mdomoni hakijui pa kwenda.

Walimtoa nje, wakamkalisha kwenye theluji kandokando ya ukuta. Omkar alivua ile miwani mikubwa kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa ya mtoto. Ketaki alichutama mbele ya mzee, akamtazama, akamtazama Zoon aliyekuwa amezika mikono yake thelujini mpaka viwikoni, akauliza kwa nini hakupiga kelele. Mtu anaungua, amekaa karibu na mwanawe, kwa nini hasemi?

Subhan alimsikia. Aligeuka, taratibu, akamtazama mkamwana wake usoni. Zoon alitaka kujifunika, akakuta ushungi umeshamwanguka mabegani na mikono haiwezi kuurudisha.

"Binti," alisema Subhan. "Ulikuwa unangoja nini?"

Hapakuwa na gari la kulijibia. "Niliona aibu, Baba. Nilingoja uniite."

Chembe za theluji zilimwangukia mzee kwenye ndevu zikakaa bila kuyeyuka.

"Mimi nami," alisema, "nilikuwa naona aibu kukuita."

Mama Omkar, aliyekuwa akizipangusa shanga zake kwa ncha ya sari, aliacha kuzipangusa. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, mdomo wazi, kwa hofu ambayo ile kona na lile bonde la chini havikumtia. Kisha alinyoosha mkono, akamvuta Ketaki karibu naye, akamshikilia.

Jipu jingine lilipanda likawachukua wageni. Lassa aliliacha lake ukutani, akashika usukani wa Subhan ili ateremshe wagonjwa hospitali ya Tangmarg. Mzee walimlaza kiti cha nyuma, akakataa kulala, akakaa. Zoon alikaa palepale pake mbele, mikono juu ya theluji aliyowekewa mapajani, imevimba na kung'aa. Haikumuuma bado. Alikuwa anaitazama kama mikono ya mtu mwingine, akijiuliza ni pumzi ngapi zilipita, na kila alipozihesabu zilizidi.

Kwenye kona ya kwanza Lassa aliingia kwa kasi kidogo. Minyororo ilikwaruza.

Subhan hakutaka kusema na Lassa, mtoto asiyekagua mnyororo wake kabla ya kuteremka. Aliegemea mbele kwa shida, akasema karibu na sikio la mkamwana wake:

"Zoon. Mwambie huyo atumie gia ya kwanza."

Lassa alikuwa amesikia vizuri kabisa. Lakini alingoja, mkono juu ya gia, macho barabarani, mpaka Zoon alipomgeukia na kumwambia.