Sukari ya Ndugu Afisa Lishe

Ndugu Ambwene, afisa lishe aliyehamishiwa Sumbawanga kutoka Mbeya, alikuwa hodari wa kufundisha watu kula. Alizunguka vijiji vya ujamaa kwa Landrova ya serikali, akasimama mbele ya wakulima waliokondeshwa na jembe, akawaonya juu ya kula ovyo, huku vifungo vya shati lake vikipigania uhai.

Kila kijiji kilimpokea kwa kuku wa mafuta, ugali, pombe ya ulezi, na chai yenye sukari iliyochangwa nyumba kwa nyumba. Ambwene hakupenda kuwavunja moyo wananchi. Hakumvunja moyo hata mmoja.

Ndipo kiu ikamshika. Akawa anasimamisha gari kila kilima akajisaidie, mpaka Leonsi, dereva wake, akamwuliza kama siku hizi wanapima barabara. Hospitalini mkojo wake ulichemshwa na dawa ya buluu, ukageuka rangi ya tofali. Damu yake ilipoachwa itulie kwenye chupa, juu ilikuwa nyeupe kama maziwa.

"Hayo ni mafuta," daktari alisema. "Na sukari nayo imepanda. Meza vidonge hivi kila siku. Pombe na sukari acha, nyama ya mafuta acha, ugali punguza. Tena utembee kwa miguu."

"Nitazingatia, daktari. Ndiyo hayo hayo ninayofundisha."

"Basi siku moja hudhuria na wewe."

Ambwene alizingatia siku nzima. Kesho yake alikuwa Matai, na Matai palikuwa na mbuzi. Ugonjwa wenyewe hakumwambia mtu. Afisa lishe aseme ameugua kwa kula?

Safari iliyofuata ilikuwa Mwimbi. Katikati ya hotuba macho yalimwingia ukungu, miguu ikalegea, akajikuta amekaa chini. Aliogopa kweli. Alimfikiria mkewe Atusaye amevaa nguo nyeusi. Mama Josefina, kiongozi wa akina mama, alipomletea kikombe cha chai tamu, kwa mara ya kwanza alikisukuma.

"Shikamoo mama, naomba maji tu. Nina ugonjwa wa sukari."

Mama Josefina alimtazama kwa huruma kubwa.

"Marahaba mwanangu. Sisi sukari tunaiona Pasaka. Ninyi huko mjini mnaila mpaka mnaiugua?"

Mkutano mzima ulicheka. Ambwene alitamani ardhi impokee. Lakini wanawake wa Mwimbi walimsadiki kuliko alivyotaka. Walimpa maharage yasiyotiwa mafuta, mboga za majani na kipande kidogo cha ugali. Kuku akapelekwa kwa Leonsi, ambaye hakuwa mgonjwa. Habari zikamtangulia vijijini. Kila alikofika, maharage yalimngoja kwa upendo, na wenyeji wakamtembeza shamba la kijiji kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa ajili ya afya yake. Alinung'unika njia nzima, lakini vidonge alimeza.

Mvua zilipokatika, mkojo wake ulichemshwa tena, ukabaki na ukijani kidogo, rangi ya tofali imetoweka. Damu nayo haikuwa na maziwa tena.

"Ugonjwa haujaondoka, usije ukajisahau," daktari alimwonya. "Lakini hongera, Ndugu Ambwene. Wagonjwa wachache wana nidhamu kama yako."

"Ni kujitolea tu, daktari," alijibu Ambwene, akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Nje, Leonsi alikuwa akijaribu kufunga mkanda wake, na tundu zilikuwa zimekwisha.