Kikomo cha Hodi

...kumi, asema Kefa, mwenzangu kazini, weka kumi tumalize, lakini kumi kwa nani, ndilo ninalojiuliza nikiikodolea macho hii nafasi tupu kwenye kioo cha kompyuta, mshale unapepesa ndani yake, idadi ya maombi kwa dakika kutoka anwani moja ya mtandao, ndivyo palivyoandikwa, ukiipita idadi hiyo ukuta wa tovuti ya hospitali unakufungia nje saa nzima, sheria nyepesi, na saa tisa alasiri nafasi za wiki zitafunguliwa, wagonjwa wa figo kuanzia Mikindani hadi Kisauni watashika simu kuomba kiti kimoja cha mashine ya kusafisha damu, na madalali nao watakuwa tayari na roboti zao, kama Jumamosi iliyopita, walipoigonga tovuti mpaka ikazirai, na ilipozinduka viti vyote vilikwishachukuliwa kwa majina ya watu wasiokuwapo, vinauzwa kwa wenye uwezo... leo isijirudie, Jalila, alisema daktari, hakupaza sauti, na ana haki, maana mzee mmoja wa Magongo alikosa kiti Jumamosi ile, na kabla ya wiki kwisha watoto wake walitupigia simu tulifute jina lake. Dada Jalila, asema Kefa nyuma yangu, wewe ukipika chai maji hukauka ukihesabu majani, mdomo umemjaa viazi vya karai, vidole vyekundu kwa pilipili, usiniguse kibodi, namwambia, naye acheka, mtu wa Bungoma huyu, ana moyo mwepesi, akifungiwa mlango ataubisha hadi bawaba zilegee, kisha ataingia akiomba maji ya kunywa... na hii hapa anwani ya juu kabisa, iliyoomba kuliko zote wiki iliyopita, Kefa ameipaka rangi nyekundu, huyu lazima ni dalali, asema, namwambia siyo, naijua, ni laini ya Waleed wa Utange, aliyepandisha antena juu ya tangi la maji akawauzia majirani intaneti, mtaa mzima unatumia laini ile, na ukiutazama kutoka huku nyumba zote zile ni anwani moja, mtu mmoja, mwenye pupa ya kutisha, na ndani ya mtu huyo mmoja, nyumba ya tatu kutoka msikitini, yumo ndugu yangu Mansur.

Wifi, n'nakwambia wewe tu, Mansur akijua ataniacha... ndivyo alivyoanza Kulthum, mkewe, siku aliponipigia, ananong'ona, nikasikia maji yakimwagika nyuma yake, alikuwa amefungua bomba ili asisikike, figo zimekufa zote mbili, wifi, miguu yake ukiibonyeza kidole hubaki shimo, na kila Jumamosi hushika simu kama watu wengine, nimemwambia dadako yuko pale pale hospitalini, mpigie, akasema wallahi sitapita mlango wa uani, nikipata nitapata kwa mlango wa mbele... Jumamosi iliyopita hakupata. Mlango wa mbele. Maneno ya Baba hayo, Baba ndiye aliyetufundisha pale Mtongwe, mimi na Mansur, kabla hatujajua kusoma, hodi ni tatu, ya kwanza wenyewe wasikie, ya pili wajitayarishe, ya tatu wakubali au wakatae, na usipojibiwa geuka urudi wala usinung'unike, mlango ni wa mwenyewe, na siku moja alimtandika Mansur kwa kubisha mara ya nne nyumbani kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mara ya nne ni ya mwizi, alisema, au ya mdai... Kefa asema kitu, sijakisikia, asema tena, je, hatuwezi kuhesabu kwa kadi ya mgonjwa badala ya anwani, namjibu kifurushi chetu hakina hilo, kinahesabu anwani tu, basi hiyo ya Utange iruhusu peke yake, asema, nami nilikwishalifikiria hilo jana, lakini laini ya Waleed hubadilika anwani kila umeme ukipotea, na Utange umeme hupotea kama nini, na zaidi ya hayo nani ataniapia kwamba hakuna dalali ndani yake, roboti moja kati ya nyumba za watu, Kefa apumua kwa nguvu, basi ishirini, asema, basi thelathini, kama anayenadi samaki, na kila idadi anayoitaja naipima, thelathini inaua nusu ya roboti, kumi inaziua zote na Utange pamoja nazo, nikiacha wazi viti vinakwenda kwa wauzaji na Mansur hapati vilevile... na akifungiwa ataliona andiko letu, maombi yamezidi, jaribu tena baadaye, mimi ndiye niliyeliandika, nilichagua maneno ya upole, dalali akilisoma hubadilisha anwani akarudi kwa dirisha, ila Mansur atalisoma mpaka mwisho, ataiweka simu kifudifudi juu ya mkeka, atawaambia watu alhamdulillah, hataigusa tena, namjua.

Namjua kwa asubuhi ile ya Idi, nami nilikuwa kidato cha pili, Mansur ameshauza kipande cha shamba alichopewa na Baba, na pembeni mwa kile kipande pana kaburi la nyanya yetu, Baba akaapa asimwone tena, na Idi ilipofika alikuja, asalaam aleikum, hodi, na Baba akaweka kidole mdomoni, kimya, Mama jikoni ameziba mdomo kwa upindo wa leso, hodi wenyewe, kimya, hodi, sauti ya tatu ilikuwa ndogo, kisha viatu vyake changaraweni, taratibu, na barazani ameacha sahani ya halua iliyofunikwa kawa, hakuna aliyeiingiza, kufika adhuhuri sahani ilikuwa nyeusi kwa sisimizi... Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na akitajiwa Mansur alikuwa akisema angekuwa mwanangu angebisha tena, na Mansur akitajiwa Baba husema nilibisha kama alivyonifunza, na mimi ndiye ninayeulizwa mambo haya katika ukoo, nani alizaliwa masika gani, nani amelala upande gani wa mnazi gani, siongezi wala sipunguzi, na asubuhi ile nimeisimulia hivi siku zote, Baba ameketi kwenye kiti chake cha kamba, tasbihi mkononi, moyo mgumu... ila paka. Paka alikuwa juu ya kile kiti. Namwona, yule paka wa kijivu mwenye sikio bovu, amejikunja juu ya mto wa Baba, na paka yule hakuthubutu hata kukikaribia kiti Baba akiwapo, basi Baba hakuwa kitini, alikuwa wapi, sebule ile ilikuwa ndogo, alikuwa... alikuwa mlangoni. Amesimama na kanzu yake ya Idi, uso karibu ugusane na mbao, mkono juu ya komeo, na midomo ikimtikisika, nilidhani anasoma dua, alikuwa akihesabu, na baada ya ile ya tatu mkono haukuondoka, alibaki vile vile, viatu vimekwishafika barabarani naye bado amelishika komeo, akiingoja hodi ya nne, ile aliyomtandika mtoto kwayo, na mimi tangu Kulthum anipigie nimekuwa nikilala na simu kando ya mto, sauti juu, nikingoja Mansur aniombe, mimi nisimpigie, na kungoja huko nakuita heshima... komeo lile lilikuwa la mti tu, jepesi, mimi mwenyewe nililivuta kila alfajiri kwa kidole kimoja, na Kefa auliza ngapi, dada, ngapi, saa tisa hiyo inakuja, na mkono wangu uko juu ya kipanya, na nafasi bado ni tupu...